Kioo Namba 211

"Ni kidole kimoja!"

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, na najua wengine wenu mlikwenda kulala mkimtukana mwandishi. Basi rudini kortini.

Ni Kitui, mwaka wa 1946. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi ya jela ili taa ya Inspekta Garrod ifanye kazi yake. Kizimbani amesimama Muthama, mchongaji wa vijiko na vinyago, pingu mikononi. Inasemekana alimuua Karani Jonah, nyumbani kwa Jonah mwenyewe, siku ya Jumamosi. Hakimu akiridhika leo, Muthama atapelekwa korti kubwa, na huko kinachomngoja ni kamba.

Ushahidi ni picha moja tu. Inspekta amesema alama ya dole gumba la Muthama ilibaki kwenye glasi ya taa ya marehemu. Glasi yenyewe haipo. Ilivunjika ndani ya lori, njia ya Kyuso, kwa mashimo. Lakini picha ipo, na picha hiyo ikiwekwa kando ya kipande cha Muthama, ile karatasi ya kitambulisho yenye chapa ya kidole chake, mstari kwa mstari, ni kidole kimoja.

Kasyoka, mkewe Muthama, alipiga ukelele. Askari wawili wakambeba juujuu kama gunia la ndengu wakamtupa nje.

Pale barazani mkono ukamwinua. Alikuwa Tima, mwanamke mwenye buibui, dada yake Abdulkadir mpiga picha. Kaka hupiga, dada huosha. Hakuna picha iliyotoka Kitui bila kupita katika maji ya Tima.

"Shika ufunguo," Tima alisema kwa haraka. "Nenda dukani kwetu. Ingia chumba cha giza, utie komeo kwa ndani."

"Mume wangu wanamwua, mimi nikajifiche?"

"Vile vioo vya picha vilivyo kwenye rafu, vikae na mtu. Usimfungulie yeyote, hata akijiita malaika. Nenda, mama!"

Kasyoka akaenda, akitembea kama mtu aliyepigwa na jua, askari mmoja wa mlangoni akimtazama. Tima akarudi ndani.

Abdulkadir alimvuta buibui. "Ulikuwa wapi? Kaa chini."

"Kaka, ile picha umeiona?"

"Sijaona kitu."

"Ni ile tuliyoiosha sisi."

"Tima!" Jasho lilimtoka Abdulkadir kwenye kofia. "Ile plot ya duka ni ya boma, ya serikali. Tukifukuzwa hapa tutakwenda wapi? Baba yetu alikuja kwa miguu kutoka pwani. Wewe unataka turudi kwa miguu?"

Tima akageuza uso. Mbele, kwenye kiti cha mikono, alikuwa amekaa Chifu Kilonzo, chifu wa lokesheni ya marehemu, akigonga sakafu taratibu kwa fimbo yake yenye pete ya shaba. Ko. Ko. Ko. Alikuwa kama mtu anayesubiri chai.

"Mshtakiwa," hakimu alisema, na mkalimani akageuza kwa Kikamba, "una swali kwa Inspekta?"

"Ninalo moja," Muthama alisema. "Bwana huyu ameangalia karatasi, ameangalia picha, ameangalia kila kitu. Mbona hajauangalia mkono wangu?"

Watu walicheka. Hata hakimu alitabasamu kidogo.

Inspekta Garrod akatabasamu zaidi. Huyu alikuwa mtu wa kupenda vyombo vyake kuliko watu. Asubuhi ile alikuwa amemwomba hakimu ashike glasi ya maji, akaimulika kwa taa yake kutoka ubavuni, akapuliza unga wa kijivu kwa brashi laini, na mara kidole cha hakimu kikajitokeza pale kama kilichochorwa. Korti nzima iliguna. Sasa alitoa wino na karatasi kwa madaha.

"Lete mkono."

Akabonyeza dole gumba la Muthama. Akainua karatasi.

Doa. Doa jeusi tupu, kama sufuria iliyopakwa masizi. Hakuna mstari hata mmoja.

Akabonyeza tena. Doa. Akajaribu mkono mwingine. Doa.



"Mimi ni mchongaji," Muthama alisema. "Nikimaliza kuchonga, nalainisha kwa jani la msasa. Mchana kutwa, miaka kumi na tano. Mti unalainika na kidole kinalainika. Hicho kipande nilipigwa chapa mwaka wa thelathini na moja, nikiwa bado mchunga ng'ombe. Kidole kile sina tena. Sasa kilifikaje kwenye taa ya Jonah?"

Wazee waliokuwa nyuma wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti, "Hapo sasa!" Na mimi nawaambia, kwa muda wa pumzi tatu Muthama alikuwa mtu huru.

Pumzi ya nne ilikuwa ya Inspekta.

"Bwana Hakimu," alisema polepole, "mtu huyu amekaa seli siku kumi na mbili. Sakafu ya seli ni simiti. Kwa nini mtu asiye na hatia asugue vidole vyake mpaka vifutike? Anayefuta alama ni mwenye kuogopa alama."

Hakimu akainama, akaandika. Kalamu ile ilikwaruza karatasi, na kila mtu akajua imeandika nini. Vidole laini vilivyokuwa wokovu wa Muthama vimekuwa kitanzi chake.

"Nimemwona muuaji!" sauti ya mwanamke ikapasuka. "Amejifichua mwenyewe!"

Alikuwa Mumbua, mjane wa Jonah. Alikaa mbele na leso nyeusi kichwani, amekumbatia kifuani picha ya marehemu mumewe iliyotiwa fremu. Tangu asubuhi hakuiweka chini.

Ko. Ko. Fimbo ya chifu.

Ndipo Tima akasimama.

"Bwana Hakimu, ile picha si ya taa."

"Nani huyo?" hakimu aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeiosha."

Abdulkadir alifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Wakambishia, wakamwambia akae, Inspekta akasema wanawake wa sokoni wasigeuze korti kuwa soko. Lakini hakimu yule, ingawa alikuwa mzungu mwenzake Inspekta, alikuwa na kiu ya kujua. Akaletewa Msahafu, Tima akaapa, akapewa picha mkononi.

"Bwana Hakimu, angalia hapa katikati. Kuna mstari mweupe umekata kidole kutoka juu hadi chini, umenyooka. Unauona?"

"Nauona."

"Hilo ni kunjo la karatasi."

Nyinyi vijana mnaosoma hadithi hii hamkukivaa kipande. Mimi nilikivaa. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa, ikatiwa ndani ya kikopo cha bati, ikaning'inizwa shingoni kwa kamba kama kengele ya mbuzi. Ukikutana na askari, unafungua. Ukifika shambani kwa bwana, unafungua. Ukifungua na kukunja miaka kumi na tano, karatasi inavunjika pale pale, na kunjo linapita mahali linapotaka. La Muthama lilipita juu ya dole gumba.

"Glasi haikunjiki, Bwana Hakimu," Tima alisema. "Hii ni picha ya kipande."

Mkalimani alipogeuza maneno hayo, korti ililipuka. Muthama alishika ukuta wa kizimba.

"Kimya!" hakimu alipiga meza. "Inspekta?"

Inspekta Garrod hakukosa jibu. "Ni mkwaruzo, Bwana. Glasi ya taa husuguliwa kwa kitambaa na majivu kila siku, hujaa mikwaruzo. Mmoja umeangukia pale. Mwanamke huyu ameona mkwaruzo akaota ndoto."

Hakimu akaangalia tena. Akakuna kidevu. "Inawezekana," alisema.

Inawezekana! Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote. Mwaka wa thelathini na nane walipokuja kuchukua ng'ombe wa Wakamba, wakatuambia wamezidi ardhi, tukasema mvua imekawia tu, wakasema inawezekana. Ng'ombe walikwenda. Hawajarudi mpaka leo ninapoandika.

"Una lingine?" hakimu alimuuliza Tima.

"Ninalo. Naomba kioo chenyewe kilichotoa picha hii. Kiko pale mezani pake."

Inspekta aliweka mkono juu yake. Kilikuwa kioo chembamba, upana wa kiganja, kimepakwa dawa ya picha upande mmoja. "Hiki ni kitu cha serikali."

"Kilipigwa kwa mashine gani?" Tima aliuliza.

"Kwa mashine yangu. Siku ya Jumatatu, baada ya mauaji."

"Basi hakina alama yangu."

"Alama gani?"

"Kila kioo kinachoingia dukani kwetu," Tima alimwambia hakimu, "kabla sijakiosha nakikwaruza namba pembeni kwa sindano. Marehemu baba alinifundisha hivyo, kwa sababu katika giza vioo vyote ni sawa na watu hugombania sura zao. Kama hiki kilipigwa na Inspekta huko alikokipigia, hakina namba. Kitazame."

Hakimu akakipokea kioo. Akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Pembe hii imekwanguliwa," alisema. "Sioni namba."

Inspekta akapumua.

"Huwezi kuiona hivyo, Bwana," Tima alisema. "Mwambie Inspekta awashe taa yake. Aimulike kutoka ubavuni, kama alivyomulika kidole chako asubuhi."

Jamani! Mngeuona uso wa Garrod.

Hakuwa na njia. Askari akafunga mlango. Giza likaingia. Taa ikawaka, mwanga ukalala juu ya kioo kama jua la machweo juu ya shamba lililolimwa, na kila mkwaruzo ukatupa kivuli chake. Aliyekwangua alikwangua dawa ya juu. Lakini sindano ya Tima ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kioo.

Hakimu akasoma kwa sauti, tarakimu moja moja.

"Mbili. Moja. Moja."

"Hicho ni kioo changu," Tima alisema gizani. "Namba mia mbili kumi na moja."

Mlango ukafunguliwa. Mwanga uliporudi, Inspekta alikuwa amekaa. Hakuna aliyemwambia akae.

"Garrod," hakimu alisema, na mara hii hakumwita Inspekta, "uliniambia umekipiga kwa mashine yako."

"Glasi ilivunjika," Garrod alisema kwa sauti ndogo. "Ilivunjika kweli, kabla sijaipiga picha. Nilikuwa nimeiona alama, Bwana, naapa, lakini ilikwisha kuvunjika. Ningekuja hapa na nini? Chifu akaniambia usijali, picha ya kidole cha mtu huyo iko tayari, iko Kitui mjini. Nilidhani... mtu ni yule yule. Nilidhani ni njia fupi tu."

Njia fupi. Mtu anakwenda kunyongwa kwa njia fupi!

Lakini bado Muthama hajatoka, msomaji. Kwani hakimu aliweka kioo chini akasema, "Huu ni uongo mbaya na utajibiwa. Hata hivyo, hausemi kwamba mshtakiwa hakuua. Unasema tu kwamba polisi walikosa ushahidi wakatafuta mwingine baadaye."

"Mia mbili kumi na moja?"

Sauti hiyo ilikuwa ya Mumbua, mjane. Alisema kama mtu anayezungumza usingizini. Alikuwa ameigeuza ile fremu magotini. Alikuwa anang'oa misumari ya nyuma kwa kucha, na kucha zilitoka damu, hakujali.

"Mama, vipi?" mkalimani alimuuliza.

Mumbua akaitoa picha ya mumewe. Ilimwonyesha Jonah amekaa kwenye kiti cha Abdulkadir, tai shingoni, Biblia gotini, anacheka kidogo. Nyuma ya karatasi kulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi, mwandiko wa Tima.

"Hii imeandikwa mia mbili kumi na mbili," Mumbua alisema.



"Jonah alipiga picha hii Ijumaa," aliendelea, akimtazama hakimu machoni. "Alirudi nayo Jumamosi mchana. Nilimcheka, nikamwambia umekaa kama bwana harusi. Jioni yake wakamwua. Bwana, mimi sikusoma sana. Niambie wewe uliyesoma. Kidole cha muuaji kilipigwaje picha kabla ya mume wangu, na mume wangu hapa anacheka?"

Mkalimani akageuza. 

Hakimu alichukua picha ya Jonah mkono mmoja, kioo mkono mwingine. Akavitazama. 

"Abdulkadir!" Tima aligeuka. "Kaka! Sema, au nitasema mimi!"

Abdulkadir akasimama.  "Alhamisi," alisema. "Kipande kililetwa dukani Alhamisi na Chifu Kilonzo mwenyewe. Akasema ni kazi ya boma, piga dole gumba peke yake, ulikuze. Nilikipiga. Bwana, sisi hatuulizi, sisi tunapiga."

"Jumatano alinichukulia kipande changu," Muthama alisema kutoka kizimbani. "Akasema kinakaguliwa. Alinirudishia Ijumaa."

Mumbua alimtazama Muthama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama kama mtu.

"Wewe ulikuja kwangu," alimwambia. "Ile siku ya barua. Jonah alikuwa akiandika malalamiko ya ng'ombe ambao chifu aliwachukua kwa jina la serikali wakaishia zizini kwake. Wazee walikuwa wakitia vidole. Wewe ulitia, kikatoka doa. Jonah akacheka sana, akasema, 'Muthama, wewe hata kushtaki huwezi, kidole kimeliwa na msasa!' Akakuandikia jina. Mimi ndiye niliyewamiminia chai. Bwana Hakimu, kidole hiki kilikuwa laini kabla hajaiona seli. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa na hasira nikasahau, Mungu anisamehe."

"Barua hiyo iko wapi?" hakimu aliuliza.

"Waliomwua waliichukua. Mfuko wake ulikuwa mtupu."

"Basi ni neno lako tu, mama."

"Si neno lake tu," Abdulkadir alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa analia, mtu mzima, machozi yanaingia ndevuni.

"Ile Ijumaa Jonah hakupiga picha moja. Alipiga mbili. Alipotoka kwenye kiti alitoa karatasi mfukoni, akaniambia, 'Mzee Abdul, na hii uipige. Ikipotea iwe haijapotea.' Ilikuwa barua ndefu, imejaa vidole vya wazee chini yake. Na doa moja jeusi lenye jina kando. Namba mia mbili kumi na tatu. Kioo kiko kwenye rafu yetu. Nilinyamaza kwa sababu ya plot. Nilinyamaza kwa sababu ya kiwanja, Bwana!"

"Kiletwe," hakimu alisema. "Sasa hivi. Askari! Na Chifu Kilonzo asitoke humu ndani."

Ndipo watu wakagundua kwamba tangu taa ilipowashwa hawajaisikia ile fimbo.

Kiti cha mikono kilikuwa kitupu. Alitumia lile giza, akapenya mlango wa nyuma wakati wote tulipokuwa tunasoma namba.

Tima alipiga ukelele mmoja tu, "Kasyoka!" na akakimbia, buibui likimteleza mabegani.

Toka kortini mpaka duka la picha ni mwendo wa mtu kunywa kikombe cha chai. Chifu alikuwa ametangulia kwa chai hiyo yote.

Ndani ya chumba cha giza, Kasyoka alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Juu ya kichwa chake kulikuwa na rafu ya vioo, na katika kila kioo mtu mwenye uso mweupe na macho meusi, rangi zote zimegeuzwa. Mwanga pekee ulikuwa uzi mwembamba chini ya mlango.

Mlango ukabishwa kwa upole.

"Mwaitu," sauti ya kijana ilisema kwa Kikamba, kwa heshima, kama mtoto anavyomwita mamaye. "Mwaitu, fungua. Tumetumwa na yule dada wa Kiislamu. Mumeo ameachiliwa. Ametolewa pingu. Anakuja huku, anakuuliza uko wapi."

Kasyoka alisimama. Aliambiwa asimfungulie hata malaika. Lakini malaika angejuaje habari za yule dada? Siku kumi na mbili hakuwa amekula chakula kikashuka. Siku kumi na mbili alikuwa anamwomba Mungu maneno hayo hayo, neno kwa neno.

"Ameachiliwa kweli?" aliuliza.

"Kweli, mwaitu. Analia kwa furaha. Fungua."

Akashika komeo. Akalivuta. Lilikuwa limekaza, akalivuta kwa mikono miwili, na lilipotoka alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Macho yakamwangukia chini, kwenye ule uzi wa mwanga.

Kulikuwa na viatu vya askari. Nyuma yake kulikuwa na viatu vingine, vimeng'arishwa. Na kati ya hivyo viwili, ncha ya fimbo, imevaa pete ya shaba.

Kasyoka akalisukuma komeo lirudi. Mlango ulikuwa umeshaanza kufunguka.